Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: asiyepulizia ndiye anayedaiwa ushahidi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA)

YAH: KUTAMBULIWA KISHERIA KWA UHAKIKI SHIRIKISHI WA KILIMO HAI

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ninakolima pilipili manga, mdalasini, ndizi na magimbi katika ekari mbili na nusu za mlimani, pamoja na mboga za majani katika kipande kidogo kilichopo bondeni. Kikundi chetu cha kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala viuatilifu vya viwandani, kina wakulima 31, wengi wao wanawake, nami ni mmoja wa watatu waliochaguliwa kukagua mashamba ya wenzao, na huko kukaguana wenyewe kwa wenyewe ndiko kunakoitwa uhakiki shirikishi. Nimeamua kuiandika barua hii hadharani kwa sababu jambo ninalolieleza haliwagusi wakulima 31 tu, na kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya ufumbuzi wake inahitaji kalamu ya ofisi yako kuliko fedha za bajeti.

Jambo lenyewe ni hili. Mkulima anayepulizia viuatilifu vya viwandani akifikisha mboga zake sokoni haulizwi na mtu yeyote alipulizia dawa gani, lini, wala siku ngapi kabla ya kuvuna. Mkulima asiyepulizia, akitaka kusema tu kwamba hakupulizia, anadaiwa ramani ya shamba, daftari la miaka mitatu, risiti, mkaguzi na ada. Sipingi kudaiwa ushahidi, kwa kuwa neno lisilo na ushahidi sokoni ni uongo unaosubiri nafasi, na mimi mwenyewe kazi yangu ni kuudai ushahidi huo kwa wenzangu. Ninachokipinga ni kwamba ushahidi tunaoukusanya sisi wenyewe, kwa gharama yetu na kwa uangalifu ambao nitaueleza hapa chini, hauna mahali popote unapotambuliwa na sheria ya nchi yetu.

Naomba nieleze ukaguzi wetu unavyofanyika, maana nimeona kwamba hata maofisa wanaotutakia mema hudhani uhakiki shirikishi ni wakulima kukaa chini ya mti na kuaminiana. Mwanachama mpya hujaza fomu ya historia ya shamba lake: alilima nini miaka mitatu iliyopita, aliweka mbolea gani, alipulizia nini na mara ya mwisho ilikuwa lini. Huchora kwa mkono ramani inayoonyesha majirani wa pande zote, njia ya maji, mteremko unakoelekea na upande ambao upepo wa alasiri hutokea. Kisha hutia saini ahadi yake mbele ya wenzake. Msimu ukifika tunamtembelea, wakaguzi wasiopungua wawili, na hairuhusiwi mtu kumkagua mwenzi wake, ndugu yake wa damu wala mtu anayemdai au kudaiwa naye fedha. Tunaanzia nyumbani kabla ya kwenda shambani. Tunaangalia stoo na chini ya kitanda, mahali ambapo chupa huwekwa. Bomba la kupulizia, kama analo, tunalifungua na kulinusa. Tunakagua viroba vya kuvunia, maana kiroba kilichowahi kubeba mbolea ya chumvichumvi hakiruhusiwi kubeba pilipili manga hata kikifuliwa mara kumi. Tunachomeka kijiti katikati ya lundo la mboji, na baada ya muda tunakichomoa na kukigusa, ili tujue kama lundo limepata joto la kutosha kuua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Shambani tunafunua majani ya chini ya sukumawiki kuwatafuta vidukari, na kuwatafuta pia wadudu wanaowala vidukari, kwa sababu bustani isiyo na mdudu hata mmoja wakati wa kiangazi hutulazimu kuuliza maswali zaidi.

Yote hayo huandikwa, na mkaguliwa husomewa kabla ya kutia saini. Mkutano wa kikundi ndio unaoamua nani apewe haki ya kuuza mazao yake chini ya alama ya Kilimohai, nembo ya mazao ya kilimo hai ya Afrika Mashariki, na nani asubiri. Mfumo huu una udhaifu wake, nami sitauficha: majirani wanaweza kustahiana, na mtu anaweza kumfumbia macho yule atakayemhitaji kesho wakati wa msiba. Lakini pia majirani wanaona kile ambacho mkaguzi anayekuja kwa gari mara moja kwa mwaka hawezi kukiona. Misimu miwili iliyopita shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenishawishi nijiunge na kikundi, alishambuliwa na kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, kwenye nyanya zake zote za bondeni wakati karo ya mtoto wake inadaiwa. Alipulizia alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Mama mmoja anayechota maji kwenye kijito kile aliisikia harufu, akaleta taarifa kwa kamati siku hiyo hiyo. Mimi nilitoka nje ya mkutano wakati shauri likisikilizwa, kama masharti yetu yanavyotaka, na waliobaki waliamua kwamba kipande kile cha bondeni kiondolewe kwenye orodha na kianze upya kipindi cha mpito, yaani muda wa kusubiri kabla shamba halijahesabiwa kuwa la kilimo hai. Hatukuzungumza, mimi naye, kwa miezi kadhaa. Leo amerudi na anahudhuria mikutano yote, nyanya amezihamishia mahali pengine na anazichanganya na mazao mengine. Nimelieleza jambo hili la nyumbani kwangu ili ofisi yako ijue kwamba tunapotoa adhabu tunawapa watu tunaokula nao.

Jirani yangu wa upande wa juu si mwanachama. Analima nyanya na kabichi kwa ajili ya soko la mjini, na hupulizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili mvua ikinyesha. Si mtu mbaya hata kidogo. Tunasaidiana kubeba mizigo na tunazikana. Anapulizia kwa sababu mwuza duka la pembejeo ndiye aliyekuwa afisa ugani wake tangu aanze kulima, na mwuza duka hushauri kile alichonacho kwenye rafu. Shamba lake likiwa juu na langu chini, kanuni za kilimo hai zinanitaka mimi niache ukanda wa kinga kati yetu. Kwa hiyo nimepanda mstari wa matete na migomba kwenye ardhi yangu, mazao ya ukanda huo siyahesabu kuwa ya kilimo hai, na nimechimba mfereji wa kugeuza maji yanayotoka kwake. Eneo nililolipoteza kwa ajili ya dawa ambayo sikuinunua mimi linatosha kupandwa miche mingi ya pilipili manga. Ninajua kwamba mwuzaji wa viuatilifu hutakiwa kuwa na kibali, na kwamba Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha mamlaka inayosimamia mambo hayo. Hata hivyo sijawahi kumwona mtu akimwuliza mpuliziaji dawa yake imekwenda wapi baada ya kutoka kwenye bomba. Naomba nikumbushe kwamba Mto Ruvu huanzia katika milima hii, na kwamba maji yake husafishwa na kusambazwa Dar es Salaam, hivyo ukanda wangu wa kinga hauwalindi walaji wa pilipili manga peke yao.

Kuhusu viwango vyenyewe, hatuhitaji kuanza upya. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kikazinduliwa Dar es Salaam mwaka huo huo pamoja na alama ya Kilimohai. Kilikuwa kiwango cha pili duniani cha kanda nzima, baada ya kile cha Umoja wa Ulaya, na kiliandikwa kwa kuwashirikisha wakulima, wafanyabiashara na mashirika ya viwango ya nchi zetu. Kinakataza mbolea na viuatilifu vinavyotengenezwa viwandani kwa kemikali na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kinadai mzunguko wa mazao na hifadhi ya udongo na maji. Ni kiwango kizuri, kinachoendana na mvua zetu, mashamba yetu madogo na desturi yetu ya kuchanganya mazao na kutunza udongo, kama inavyoonekana kwenye vihamba vya Wachaga, yaani mashamba yao ya migomba na kahawa, na ngoro za Wamatengo kule Mbinga, yaani mashimo ya mlimani yanayozuia mmomonyoko. Tatizo lake ni kwamba ni cha hiari. Anayekifuata hujifunga mwenyewe, na asiyekifuata hazuiwi kulitumia neno. Katika maduka ya mjini nimeshika kwa mikono yangu chupa za asali, pakiti za viungo na mafuta yaliyoandikwa kwamba ni ya asilia au ya kilimo hai, bila alama ya Kilimohai, bila jina la mkaguzi, bila namba yoyote ya kumwezesha mnunuzi kufuatilia. Mwenye pakiti hizo hakuvunja masharti yoyote ninayoyajua. Sisi tuliokaguliwa ndio tunaoonekana wa ajabu tunapomwomba mnunuzi aongeze kidogo kwenye bei.

Mheshimiwa, Tanzania si nchi ndogo katika jambo hili. Takwimu za dunia za mwaka 2020 ziliitaja kuwa ya tatu kwa idadi ya wakulima wa kilimo hai waliothibitishwa, baada ya India na Ethiopia, ikiwa na wakulima wanaokaribia 149,000. Kuna pamba ya kilimo hai iliyolimwa Meatu tangu miaka ya 1990, kahawa ya Kagera, kakao ya Kyela, na viungo vya Zanzibar na vya kwetu Morogoro. Karibu mazao yote hayo huthibitishwa kwa ajili ya mlaji aliye mbali, kwa fedha za mnunuzi aliye mbali, na mara nyingi cheti kilikuwa mali ya kampuni inayonunua. Mkulima alipoachana na kampuni hiyo, miaka yake yote ya kutopulizia ilibaki kwenye kabati la ofisi isiyo yake.

Hapo ndipo kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, namba 2018/848, inapotuhusu kwa namna mbili. Kanuni hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na nchi kama yetu zikapewa muda wa mpito kabla ya kubanwa nayo kikamilifu. Inataka kila kundi la wakulima wadogo lisizidi wanachama 2,000, liwe na hadhi ya kisheria, liundwe na wakulima wenyewe, wanachama wake wawe karibu kijiografia, na liwe na mfumo wake wa udhibiti wa ndani na utaratibu wa pamoja wa kuuza. Zamani ilitosha kanuni zetu zifanane na za Ulaya. Sasa lazima tufuate zile zao jinsi zilivyoandikwa. Huu ni mzigo, kwa kuwa makundi makubwa yaliyokuwa chini ya mnunuzi mmoja yanalazimika kugawanywa na kusajiliwa upya, kila moja likiwa na wakaguzi, makarani na mikutano yake. Lakini ni nafasi pia, pengine kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, kwa sababu cheti sasa kinatakiwa kuwa mali ya kundi la wakulima wenyewe. Nafasi hiyo itatupita kama usajili wa vyama hivi utasukumwa na wanunuzi wenye haraka, na viongozi wake kuchaguliwa kwa orodha iliyoletwa kutoka mjini. Naiomba Wizara, pamoja na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iwatume watu wanaoelewa kanuni hiyo waje kukaa na vikundi kabla katiba zao hazijaandikwa.

Nije kwenye tukio lililonisukuma kuiandika barua hii. Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/23, wakulima wa kijiji chetu waliandikishwa kwa wingi. Ninaunga mkono mkulima anayetumia mbolea hiyo asaidiwe, hasa mwaka ule ambao bei zilipanda dunia nzima. Baadhi ya wanachama wetu waliandikishwa pia, wengine kwa sababu waliambiwa kwamba kuandikishwa ni kujitambulisha kama mkulima na kwamba asiyejiandikisha hatapata huduma nyingine baadaye. Hakuna hata mmoja wao aliyechukua mfuko. Baadaye mkaguzi wa kampuni moja ya uthibitishaji, ambayo sitaitaja, aliliona jina la mwanachama wetu kwenye orodha hiyo na kumtaka athibitishe kwamba hakuchukua mbolea. Mama huyo, mjane anayelima viungo kwenye shamba la ekari moja, alikwenda ofisi ya kijiji, kisha kata, kisha kwa wakala wa pembejeo, akitafuta karatasi inayosema kwamba hakufanya jambo. Hakuna ofisi yenye karatasi ya namna hiyo. Mazao yake ya msimu ule yaliuzwa kama ya kawaida, kwa bei ya kawaida. Orodha ya ruzuku ingekuwa na nafasi moja tu ya kuandika kwamba mkulima huyu ni wa kilimo hai na hachukui mbolea ya viwandani, mama yule angebaki shambani kwake. Ningeomba zaidi ya hapo: kwamba thamani ya ruzuku ambayo mkulima wa kilimo hai haichukui ielekezwe kwenye gharama yake ya uhakiki, au kwenye samadi na usafiri wake, kwa sababu samadi ya ng'ombe tunaipandisha huku mlimani kwa kichwa.

Mambo mengine mawili nitayataja kwa ufupi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mazao ghalani, hupewa stakabadhi, kisha mazao hunadiwa, umewasaidia wakulima wengi kupata bei iliyo wazi, nami siulaumu. Lakini ghala moja linalopokea mazao ya watu wote huyachanganya ya kilimo hai na yasiyo ya kilimo hai kwenye rundo moja, na yakishachanganywa hakuna mkaguzi duniani anayeweza kuyatenganisha. Kila zao linapoingizwa kwenye mfumo huo, mwongozo wake useme mazao yenye cheti yatapokelewa, yatahifadhiwa na kunadiwa wapi. La pili ni mbegu. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa, na rangi yake hubaki vidoleni. Utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora upo na unawapa wakulima wadogo nafasi ya kuzalisha mbegu. Unahitaji kuelekezwa kwenye mbegu zisizopakwa dawa za mboga tunazozilima, ambazo leo tunazihifadhi wenyewe kwenye vibuyu vyenye majivu.

Kuna swali ninaloulizwa kila nikienda mkutanoni: je, kilimo hai kitalilisha taifa? Ni swali la haki, na nakiri kwamba katika miaka ya mpito mavuno hushuka, hasa kwenye udongo uliochoka, na familia hupata tabu kipindi hicho. Kwangu ilichukua misimu minne mpaka udongo urudishe rangi yake na mfereji uache kutiririsha tope jekundu. Lakini barua hii haiombi mtu yeyote alazimishwe kuacha mbolea. Inaomba wale walioacha waweze kusema hivyo na kuaminiwa.

Kuhusu kulazimishwa, milima hii ina kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwa na sababu. Lakini amri ilitoka juu, kazi ilikuwa ya shuruti, matuta mengine yalifukua udongo mbaya na kuuleta juu, na hakuna aliyewauliza wenye mashamba. Mwaka 1955 zikazuka ghasia Matombo, na mpango ukaachwa. Wazee wetu walisimuliana habari hiyo kiasi kwamba kwa miaka mingi neno matuta lenyewe lilikuwa na uchungu. Leo wanakikundi wetu wanachimba matuta ya namna hiyo hiyo kwa hiari, wakayaotesha majani ya tembo kingoni, kwa kuwa walijifunza kwa jirani aliyeanza na wakaona shamba lake lilivyobaki mahali pake baada ya masika. Ninasema haya nikifikiria sheria ninayoiomba. Nisingependa ije sheria ya kilimo hai inayotukuta tumeshaanza kazi halafu ikatuwekea mkaguzi wa kutoka mbali ambaye hatuwezi kumlipa, na ukaguzi wetu wenyewe ukafutwa kama jambo lisilo rasmi.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Brazil ilitunga sheria yake ya kilimo hai mwaka 2003, na kanuni za mwaka 2007 zikautambua uhakiki shirikishi sambamba na ule wa kampuni za ukaguzi, chini ya usajili na usimamizi wa wizara ya kilimo. India nayo ina mpango wa uhakiki shirikishi unaoendeshwa na serikali kwa ajili ya soko la ndani. Sisi tayari tuna Sera ya Taifa ya Kilimo ya mwaka 2013 inayokitaja kilimo hai, na tuna Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030 uliozinduliwa Dodoma mwezi Novemba 2023. Tuna TOAM, chombo kinachoviunganisha vikundi na wadau wa kilimo hai nchini tangu mwaka 2005. Hapa Morogoro tuna wakulima waliofundishwa kwa miaka mingi namna ya kukaguana. Kilichobaki ni kanuni.

Kwa hiyo ninaiomba ofisi yako, kwa kushirikiana na TBS, itunge kanuni chini ya sheria zilizopo, ikiwemo Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, itakayotamka kwamba mazao yanayouzwa ndani ya nchi yakitajwa kuwa ya kilimo hai ni lazima yawe yamehakikiwa kwa kiwango cha EAS 456, ama na kampuni yenye ithibati, ama na kikundi cha uhakiki shirikishi kilichosajiliwa. Kikundi cha namna hiyo kifanyiwe ukaguzi wa kushtukiza na afisa wa serikali, na kikikutwa kinadanganya kifutwe. Tunalitaka hilo kwa dhati, kwa sababu kikundi kimoja kinachodanganya kinaharibu jina la vyote. Sampuli chache zichukuliwe kila mwaka na kupimwa mabaki ya viuatilifu katika maabara za umma bila kumtoza mkulima. Na sampuli hizo zichukuliwe pia kwenye mazao ya wasio wa kilimo hai yanayouzwa masoko ya mijini, kisha matokeo yatangazwe, ili ushahidi uanze kudaiwa pande zote mbili.

TPHPA naiomba iutazame upya wajibu wa ukanda wa kinga. Palipo na shamba la kilimo hai lililosajiliwa, jirani anayepulizia atakiwe angalau kutoa taarifa na kutopulizia wakati upepo unaelekea huko, hasa penye chanzo cha maji. Naiomba pia iharakishe usajili wa viuatilifu vya mimea kwa matumizi ya wakulima wadogo. Sisi hutengeneza dawa zetu kwa mwarobaini, utupa, pilipili kichaa na kitunguu saumu, na zinasaidia zikitumika mapema. Lakini nchi hii inalima pareto katika nyanda za juu, ina kiwanda Mafinga, na dunia inanunua dawa ya maua hayo. Ilhali katika maduka ya pembejeo ninayoyafahamu mjini Morogoro sijawahi kukuta dawa ya pareto ya kupulizia mboga inayoruhusiwa kwenye kilimo hai.

Barua hii niliisoma kwa sauti mbele ya kikundi kabla ya kuitoa, tukiwa tumekaa kwenye uwanja wa kukaushia mdalasini. Walirekebisha mambo mawili niliyoyaeleza kwa ukali, wakaniomba niongeze jambo moja ambalo mimi, kwa kuwa nilisoma kidogo, sikulifikiria. Ripoti za kampuni ya ukaguzi hutufikia kwa Kiingereza, pamoja na mikataba na orodha ya makosa tunayotakiwa kuyarekebisha ndani ya siku zilizopangwa. Mama yule mjane alitia saini ripoti iliyolitaja kosa lake bila kujua ukurasa wa pili unasema nini, na muda wa kukata rufaa ukapita akiwa bado anatafuta wa kumsomea. Kikundi kinaomba kanuni itakayotungwa iseme waziwazi kwamba hati yoyote ya uthibitisho inayomfunga mkulima Tanzania haitakuwa na nguvu mpaka iwe imeandikwa kwa Kiswahili na kusomwa mbele yake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima na mkaguzi wa kikundi cha kilimo hai,
Milima ya Uluguru, Morogoro